Mtoto wa miezi mitano ametoka kwenye dozi ya antibiotiki: je, anahitaji bakteria wa kununua?

Swali: "Daktari, shikamoo. Ninaandika kutoka Tanga mjini. Mwanangu wa pili ana miezi mitano. Alizaliwa kwa upasuaji na ananyonya maziwa yangu tu. Kama wiki mbili zilizopita aliandikiwa amoksilini kwa nimonia, kifua kikapona, lakini tangu katikati ya dozi choo chake kimekuwa chepesi, mara tano au sita kwa siku, na wakati mwingine kina rangi ya kijani. Anacheza, ananyonya vizuri na hana homa. Kwenye duka la dawa nimeshauriwa ninunue unga wa probiotiki wa mwezi mzima, nao kwangu ni ghali. Nimeambiwa watoto wa upasuaji hawana bakteria wazuri tumboni, na kwamba antibiotiki imewamaliza hata wachache waliokuwepo. Mama mkwe anasema nimpe vijiko viwili vya mtindi kila siku. Jirani anasema ni chango na anayo dawa yake. Dada yake mwenye miaka mitatu naye hufunga choo mara kwa mara. Nifuate lipi?"

Marahaba, mama. Katika swali lako kuna hofu mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni choo chepesi cha mtoto, ambacho unakiona kwa macho yako. Ya pili ni wasiwasi kwamba tumbo la mwanao limebaki tupu, yaani kwa kuzaliwa kwa upasuaji na kisha kupewa antibiotiki amepungukiwa kitu ambacho wewe, usipokinunua, utakuwa umemnyima. Hofu hii ya pili ndiyo inayouza pakiti, na ndiyo nitakayoanza nayo, kwa sababu mambo hayako kama ulivyoelezwa.

Kabla ya hapo, ondoa shaka kuhusu amoksilini. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka mitano duniani, na amoksilini ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa kwa nimonia ya mtoto anayeweza kutibiwa nyumbani. Iliandikwa baada ya mtoto kuonekana na mtoa huduma, ukaimaliza, na kifua kikapona. Choo kulainika ni athari inayojulikana ya dawa hii. Linalonisumbua mimi ni antibiotiki zinazonunuliwa dukani kwa mafua na kikohozi cha kawaida bila mtoto kupimwa, na sivyo ilivyokuwa kwenu.

Sasa tuingie tumboni. Mtoto huzaliwa akiwa karibu hana bakteria kabisa utumboni. Katika saa na siku za mwanzo huingia wale wanaoweza kuishi penye oksijeni, nao kwa kuitumia oksijeni hiyo huwatengenezea nafasi wale wasioitaka, hasa jamii ya Bifidobacterium. Hawa wa pili ndio wenyeji wakuu wa utumbo wa mtoto anayenyonya, na si jambo la kugunduliwa jana: Henry Tissier, mtafiti wa Taasisi ya Pasteur huko Paris, aliwaona katika kinyesi cha watoto wanaonyonya zaidi ya karne moja iliyopita. Kilichochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni kwa nini wanastawi hapo.

Sababu imo ndani ya maziwa yako. Ukiacha maji, kilichomo kwa wingi katika maziwa ya mama ni sukari ya laktosi, kisha mafuta, na cha tatu ni kundi la sukari changamani ambazo utumbo wa mtoto hauwezi kuzimeng'enya hata kidogo. Kwa muda mrefu hili lilionekana kama fumbo, kwani haikueleweka kwa nini mwili wa mama utumie nguvu kutengeneza chakula ambacho mtoto hawezi kukitumia. Jibu ni kwamba chakula hicho si cha mtoto, bali ni cha bakteria wake. Sukari hizo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa salama, hufika katika utumbo mpana, na hapo Bifidobacterium huzila na kutoa asidi zinazoufanya utumbo uwe mchachu kiasi cha kuwazuia vijidudu vingi viletavyo kuhara. Baadhi ya asidi hizo pia ni lishe ya ukuta wa utumbo wenyewe. Kwa hiyo kila unaponyonyesha unamlisha mtoto, na wakati huohuo unawalisha wale wanaomlinda.

Je, mtoto wa upasuaji hana bakteria wazuri? Mwanzo wake ni tofauti, hilo ni kweli. Hapiti katika njia ya uzazi, na mama yake kwa kawaida hupewa antibiotiki wakati wa upasuaji ili kumkinga na maambukizi, hivyo bakteria wa kwanza kumfikia hutoka zaidi kwenye ngozi na mazingira ya hospitali. Watafiti wa Uingereza waliochunguza vinyesi vya watoto karibu 600 na kutoa matokeo mwaka 2019 waliona tofauti hiyo waziwazi katika siku za mwanzo. Hata hivyo waliona pia kwamba kadiri miezi ilivyosonga tofauti hiyo ilififia kwa sehemu kubwa, ingawa jamii moja, Bacteroides, ilichelewa zaidi kurejea. Mwanao ana miezi mitano na ananyonya maziwa ya mama pekee. Kusema kwamba hana bakteria wazuri ni kutia chumvi kupita kiasi.

Nayo antibiotiki hupunguza bakteria hawa bila kuwamaliza. Wanapopungua, sehemu ya sukari ambayo wangeila hubaki utumboni na kuvuta maji, na choo hulainika. Dozi ikiisha, waliobaki huanza kuongezeka tena, na kwa mtoto anayenyonya huongezeka wakiwa na chakula chao tayari. Kwa watoto wengi choo hurudi katika hali yake ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Hapa ningependa uangalie jambo moja kwa makini. Mtoto anayenyonya tu huweza kupata choo mara kadhaa kwa siku, laini, cha njano au cha kijani, na akawa mzima kabisa. Rangi ya kijani peke yake si ugonjwa. Linganisha na hali yake kabla ya dawa: kama awali alikuwa akipata choo mara nne chenye uzito wa uji mwepesi, na sasa ni mara tano chenye uzito uleule, hakuna kuhara hapo. Kama kimekuwa cha majimaji, kinachonywea kwenye nepi na kuacha doa tu, huko ni kuhara, na nitaeleza hapa chini la kufanya.

Turudi kwenye pakiti ya dukani. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo waliieleza probiotiki kuwa ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humpa faida ya kiafya anayevitumia. Maneno matatu hapo yana uzito: hai, kiasi, na faida. Faida inayozungumzwa ni ya kijidudu fulani kwa tatizo fulani, si ya kila kijidudu kwa kila tumbo. Ndiyo sababu, ukiniuliza kama probiotiki zinafaa, nami nitakuuliza: ipi, na kwa nini?

Kwa kuhara kunakoletwa na antibiotiki, ushahidi upo, na si haki kuuficha. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyojumuisha watoto zaidi ya 6,000, yalionyesha kwamba watoto waliopewa probiotiki pamoja na antibiotiki waliharisha takriban 8 katika kila 100, ilhali wasiopewa waliharisha takriban 19 katika kila 100. Ni tofauti ya maana. Lakini angalia masharti yake: watoto hao walianzishiwa probiotiki wakati wa antibiotiki, kwa lengo la kuzuia kuhara kusitokee. Mwanao amekwisha kumaliza dozi. Ushahidi wa kuzuia hauwi ushahidi wa kutibu, wala haumaanishi kwamba pakiti ya mwezi mzima baada ya dozi itamrudishia alichopoteza. Mtu anayekuuzia leo kwa kutumia matokeo hayo anakuuzia kitu ambacho matokeo hayo hayakukipima.

Kwa kuhara kunakotokana na maambukizi, tumaini la awali limepungua sana. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, zilizowapa watoto wenye kuhara na kutapika probiotiki zinazouzwa sana, na zote mbili hazikuona faida. Kwa mtoto mchanga anayelia kwa msokoto wa tumbo, aina moja iitwayo Lactobacillus reuteri DSM 17938 imeonekana kupunguza kilio kwa wale wanaonyonya maziwa ya mama, na haikuonyesha hivyo kwa wanaotumia maziwa ya kopo. Na huko Odisha, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuilisha, na maambukizi makali na vifo vikapungua kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Mimi hilo hunipa matumaini makubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa watoto wale wanaishi katika mazingira yanayofanana zaidi na ya kwetu. Hata hivyo walikuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, walipewa kijidudu kilichochaguliwa kwa uangalifu kwa siku saba, na haiwezekani kuyahamisha matokeo yao kwenye pakiti yoyote iliyopo kwenye rafu.

Pakiti zenyewe zina tatizo jingine, hasa kwa hali ya hewa ya mji wetu. Bakteria wengi wa aina hii hufa wakipata joto na unyevu. Pakiti iliyosafiri kutoka nje, ikakaa bandarini, kisha ikawekwa kwenye rafu ya duka lenye joto la Januari hapa Tanga, huenda ikafika kwako ikiwa na bakteria wafu, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi bado. Nyingi huuzwa kama virutubisho na si kama dawa, na kirutubisho hakitakiwi kuthibitisha kwamba kinatibu kwa kiwango kinachotakiwa kwa dawa. Ukikuta pakiti haikuandika jina kamili la kijidudu pamoja na namba au herufi zake, idadi ya walio hai hadi mwisho wa matumizi, na jinsi ya kuihifadhi, iache hapo ilipo.

Kuhusu usalama, kwa mtoto mzima wa miezi mitano aliyezaliwa kwa wakati wake, hatari ni ndogo. Kwa mtoto njiti, mwenye kinga dhaifu au aliyelazwa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti kufa kwa maambukizi ya damu yaliyotokana na bakteria wa probiotiki aliyopewa. Ninalitaja hili kwa sababu swali lako litasomwa na akina mama wengine. Mwenye mtoto njiti asimpe unga wa aina hii bila uamuzi wa daktari anayemtibu.

Kwa hiyo shauri langu kwako ni kwamba usiinunue. Kama ungekuwa na fedha za ziada nisingekukataza kwa ukali, maana haielekei kumdhuru. Lakini umesema ni ghali kwako, na wewe unanyonyesha. Fedha hiyo ikinunua mayai, dagaa, maharage na mboga za majani kwa ajili yako, itakuwa imefanya kazi ninayoweza kuitetea.

Tuje kwa mama mkwe. Ushauri wake una hekima ndani yake, ila umewahi mno. Mtoto wa miezi mitano hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa anapoandikiwa, na kila kijiko cha kitu kingine kinaweza kuingiza vijidudu na kupunguza hamu ya kunyonya. Mwombe asubiri mwezi mmoja. Akitimiza miezi sita na kuanza vyakula vya nyongeza, mtindi usio na sukari ni chakula kizuri kwake, vijiko vichache kwa kuanzia, pamoja na vyakula vingine na huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Nitaongeza sharti moja ambalo silegezi: maziwa yaliyogandishwa yawe yamechemshwa kwanza au yametoka kiwandani yakiwa yamepashwa joto la kuua vijidudu. Wengi huamini kwamba maziwa yakishachacha yamejisafisha. Sivyo. Uchachu huzuia vijidudu vingi, lakini brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuvuka, na maziwa mabichi yanayopitishwa mitaani kwenye madumu na chupa za maji ndiyo ninayoyaogopa kwa watoto. Mkoa wetu una maziwa mengi mazuri, hakuna sababu ya kumpa mtoto yale yasiyo salama.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vyakula vilivyochachishwa, kuna kimoja ambacho ninasikitika kuona kinasahaulika, nacho ni togwa. Uji wa mahindi au mtama hupikwa, ukipoa hadi vuguvugu hutiwa kimea cha ulezi, kisha huachwa uchachuke. Kimea huufanya uji mzito uwe mwepesi bila kuongeza maji, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata nguvu zaidi kwa vijiko vilevile, na asidi inayotokea huwazuia vijidudu vya kuhara kuongezeka. Tafiti zilizofanywa hapahapa Tanzania katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto waliokula uji uliochachishwa kwa njia hii walikuwa na vijidudu vichache vya kuhara katika choo chao kuliko waliokula uji wa kawaida. Baada ya miezi sita, togwa iliyotengenezwa kwa usafi, ikatumika siku hiyohiyo kabla haijakolea ukali, ni chakula ninachokipendekeza kwa moyo mmoja. Hakikisha nafaka na kimea havina ukungu, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachisha.

Kuhusu chango, simdharau jirani yako. Amekuja kwa nia ya kusaidia, na jina hilo wazee wetu wamelitumia kwa maumivu mengi ya tumbo la mtoto. Lakini dawa ya kunywesha isiyojulikana kipimo chake, iliyochanganywa na maji yasiyojulikana yalikotoka, ni hatari kwa mtoto wa miezi mitano kuliko choo chake chepesi. Ini na figo zake bado ni changa. Mshukuru, na usimpe mtoto.

Sasa la kufanya leo. Endelea kunyonyesha, na umnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida, usiku na mchana. Kama choo ni cha majimaji kweli, mpe chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, iliyochanganywa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiigawe pakiti kwa kukadiria. Baada ya kila choo cha maji mpe kwa kijiko, polepole, robo hadi nusu ya kikombe. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Zahanati watampa pia zinki, na mpe siku zote watakazokuandikia hata kama kuhara kutakoma mapema, kwa maana zinki hupunguza ukali wa kuhara kwa sasa na pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili hadi mitatu ijayo. Vifaa hivi viwili vina ushahidi mzito kuliko probiotiki yoyote niliyoitaja, na bei yake ni ndogo. Nawa mikono kwa sabuni kila unapobadilisha nepi, na uitazame kadi ya kliniki kuona kama chanjo yake ya rota, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, imekamilika.

Binti yako wa miaka mitatu ana suala jingine, na pakiti ileile isitumike kwake kwa kuwa tu ipo nyumbani. Probiotiki hazijaonyesha faida ya kutegemewa kwa watoto wanaofunga choo. Mara nyingi watoto wa umri wake hujizuia kwa sababu choo kiliwahi kuwaumiza, na kadiri wanavyojizuia ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Mpe maji ya kutosha, papai, parachichi, maharage, mchicha na ugali wa dona badala ya sembe. Mkalishe chooni kila siku baada ya kula, bila haraka na bila kumgombeza, miguu yake ikiwa imekanyaga kitu. Ikipita wiki mbili au tatu bila nafuu, au choo kikitoka na damu, mpeleke apimwe, kwa kuwa zipo dawa salama za kulainisha choo cha mtoto ambazo huhitaji kutumika kwa muda na kwa usimamizi.

Mwisho, kuhusu mdogo wake, hesabu siku. Kuhara kukifikia siku 14 mfululizo hakuitwi tena kwa jina la kawaida, na kwa maelezo yako yeye anakaribia hapo. Kwa hiyo, hata kama anacheza, mpeleke zahanati au kituo cha afya wiki hii apimwe uzito na choo chake kiangaliwe. Usingoje wiki iishe, bali nenda siku hiyohiyo, iwe usiku au mchana, ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, hajakojoa kwa saa sita, anatapika kila kitu au anatapika matapishi ya kijani, tumbo limevimba na kukaza, ana homa, amepata degedege, analegea na kusinzia isivyo kawaida, au amekataa kunyonya. Dalili kama hizo zikijitokeza na kituo cha jirani kimefungwa, nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ukiendelea kumnyonyesha njiani. Chukua kadi ya kliniki, pakiti ya amoksilini aliyotumia na nepi moja yenye choo cha karibuni, na mweleze mtoa huduma kila kitu ambacho mtoto amenyweshwa nyumbani, pamoja na dawa ya jirani kama tayari ilishampitia mdomoni.